Ndege moja ya kivita, wenyewe wanne

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mdahalo wetu, nimeiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hamkufika. Sijaisafisha sana, maneno ya mdomoni nimeyaacha yalivyo.

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliojazana kule nyuma, shikamooni wenye kustahili shikamoo, na wengine habari zenu.

Hoja iliyoko mezani mnaijua. Nchi kadhaa zikiungana kutafuta ndege moja ya kivita, zinapata nafuu au zinajitia hasara? Mwenzangu aliyetangulia kasema umoja ni nguvu, mkapiga makofi, na mimi nikapiga. Ila ngoja kwanza. Nguvu na nafuu ni vitu viwili tofauti jamani. Unaweza ukaungana na wenzako ukapata nguvu kweli kweli na bado ukatoa hela nyingi kuliko ulivyopanga, na ukachelewa, na mwisho ukagundua kile mlichonunua pamoja huwezi kukiuza mpaka mwenzako aridhie.

Mimi leo nina jambo moja tu, hayo mengine yote ni kulizunguka. Kununua pamoja ni kitu kimoja. Kubuni pamoja ni kitu kingine. Watu wanavichanganya kila siku, tena wakubwa, wanachukua sifa za kile cha kwanza wanazitumia kuuzia kile cha pili, halafu bili ikifika kila mtu anamtazama mwenzake.

Tuanze na pale palipofaulu, msije mkasema nimekuja kuponda tu.

Mwaka 1975. Nchi nne za Ulaya, Ubelgiji, Uholanzi, Norwei na Denmark, zina shida moja, ndege zao za F-104 zinazeeka na lazima zitafutiwe warithi. Sasa fikiria wewe ndo Denmark, unataka ndege 58. Unaingia kwa muuzaji mkubwa na oda ya ndege 58, nani atakubembeleza? Norwei inataka 72, Uholanzi 102, Ubelgiji 116. Kila mmoja peke yake ni mteja wa kawaida tu. Wakaungana, zikawa ndege 348, na hapo ghafla kila mtu akawa rafiki yao. Wafaransa wakaja na Mirage F1 yenye injini mpya, Waswidi wakaja na Viggen, Wamarekani wakaja na mbili zikishindana zenyewe kwa zenyewe, YF-16 na YF-17. Mwezi wa sita mwaka ule wakachagua F-16, na magazeti yakaubatiza mkataba ule biashara ya karne.

Sikilizeni walichokipata. Bei iliwekewa dari, dola milioni 6.091 kwa ndege moja kwa hela ya mwaka 1975. Na viwanda vyao vikapewa kazi, tena kwa hesabu iliyoandikwa: thamani ya asilimia 40 ya ndege zao wenyewe, asilimia 10 ya zile 650 za jeshi la anga la Marekani, na asilimia 15 ya zitakazouzwa kwa nchi nyingine huko mbele. Yaani F-16 ikiuzwa upande wa pili wa dunia, fundi wa Ubelgiji naye anakula. Ndege zikawa zinaunganishwa Gosselies kule Ubelgiji na Schiphol kule Uholanzi, sio Fort Worth, Texas, peke yake.

Ilikuwa rahisi? Hapana. Viwanda viwili vya ziada Ulaya ni gharama, na ndege hizo zingetoka zote Texas zingekuwa na bei ya chini zaidi. Walijua, wakakubali, kwa sababu walichokuwa wananunua ni ndege pamoja na kazi pamoja na ujuzi. Hiyo ni biashara ya mtu mzima, unalipa zaidi ukijua unalipia nini.

Lakini swali langu ni hili, kwa nini ilifanikiwa? Kwa sababu ndege ILIKUWEPO. Tayari ilikuwa inaruka. (Na iliruka mara ya kwanza bila kupangwa, hili huwa nalipenda: Januari 1974 ilikuwa inakimbizwa tu kwenye njia kwa majaribio, ikaanza kuyumba huku na huku, rubani akaona heri ainuke nayo kuliko kuivunja pale chini, akazunguka akatua.) Na Marekani yenyewe ilikuwa imeshasema inachukua 650. Kwa hiyo wale wanne hawakubuni kitu. Hawakukaa mezani miaka 8 wakibishana bawa liwe na upana gani. Walipanda gari lililokuwa tayari linatembea, na dereva alikuwa mmoja. Hata miaka ya 1990 zilipohitaji kuboreshwa, rada na kompyuta na vioo vya rubani, walifanya tena pamoja, na Mmarekani akiwemo.

Mnanielewa hapo? Ndege ipo, mnunuzi mkubwa yupo, bei ina dari, kazi imegawanywa kwa karatasi. Hapo umoja ni nafuu.

Sasa tuje kwenye kubuni pamoja, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi tano za Ulaya zinakaa kutengeneza ndege yao wenyewe: Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia, Ufaransa na Hispania. Wazo zuri kabisa. Kila mmoja anahitaji ndege mpya, kila mmoja ana viwanda, Marekani inauza kila mahali, kwa nini tusiungane? Tatizo lilianza siku ya kwanza. Mfaransa anataka ndege nyepesi inayoweza kutua juu ya meli, maana ana meli ya kubeba ndege. Mwingereza anataka kubwa zaidi, ya kupambana angani. Na Mfaransa anataka aongoze usanifu. Agosti 1985, Turin kule Italia, wakaachana. Ufaransa ikaenda zake, na Julai 1986 ndege yake ya majaribio ya Rafale ilikuwa tayari hewani. Waliobaki, pamoja na Hispania iliyotoka kidogo kisha ikarudi kwao, ndo wakaendelea na kile tunachokiita leo Eurofighter Typhoon. Ile ya majaribio ya kwanza iliruka lini? Machi 1994. Ikaingia kazini lini? 2003.

Miaka mingapi hiyo? Hesabuni wenyewe. Katikati yake ukuta wa Berlin ukaanguka, Ujerumani mbili zikawa moja, adui ambaye ndege ilibuniwa kwa ajili yake akasambaratika, na mwaka 1992 waziri wa ulinzi wa Ujerumani Volker Rühe akasema hatuitaki tena kwa bei hii, tutengeneze nyepesi na rahisi zaidi. Wenzake wakashtuka. Unajitoaje wakati bawa lako liko kwenye ndege yangu?

Na sisemi bawa kwa utani. Typhoon bawa la kushoto linatengenezwa Italia, bawa la kulia linatengenezwa Hispania. Sehemu ya katikati ya kiwiliwili Ujerumani, ya mbele Uingereza. Halafu vipande vyote vinasafirishwa kwenda kuunganishwa, sio sehemu moja, sehemu NNE: Warton Uingereza, Manching Ujerumani, Turin Italia na Getafe Hispania. Ni sawa na ndugu wanne wanaojenga nyumba moja, kila mmoja kaja na fundi wake na kila fundi lazima ajenge ukuta, hata kama ukuta hauhitajiki. Mtu akikuuliza kwa nini, jibu la kiufundi hakuna. Jibu ni la kisiasa, mbunge wa kila nchi lazima aonyeshe ajira.

Na kuna ujanja mwingine hapo ambao haupigiwi kelele. Mgawo wa kazi ulifuata idadi ya ndege unazoahidi kununua. Ukiahidi nyingi unapata kazi nyingi. Sasa binadamu ni yule yule, kila mtu akaahidi nyingi. Uingereza 250, Ujerumani 250, Italia 165, Hispania 100, jumla 765. Kazi ikagawanywa kwa hesabu hiyo. Baadaye ndo ukweli ukaanza kutoka, zikashuka mpaka 620. Na hata hizo hazikuchukuliwa zote na kila mtu. Uingereza ilitakiwa kuchukua 232 ikaishia na 160, na wakaguzi wa serikali yao mwaka 2011 wakaonyesha kwamba gharama kwa kila ndege ilipanda kwa asilimia 75 kuliko ilivyotarajiwa. Asilimia 75! Ndege pungufu, hela zaidi.

Wachumi wa mambo ya ulinzi wana kanuni yao ya mkato kuhusu jambo hili, sio sheria ya mbinguni lakini inasaidia kichwa kutulia. Wanasema gharama ya jumla ya kubuni pamoja inapanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya washirika. Mkiwa wanne, kipeuo cha pili cha 4 ni 2, kwa hiyo mradi mzima unagharimu mara mbili ya ule ambao angefanya mmoja. Kila mmoja analipa robo ya mara mbili, yaani nusu. Umeokoa nusu. Sio mbaya! Ila waziri wako alikuambia utalipa robo. Ile tofauti kati ya robo na nusu ndo inayoangusha bajeti. Na muda nao wanasema unarefuka, kwa kipeuo cha tatu, mkiwa wanne ni kama mara moja na nusu na zaidi kidogo.

Sasa kuna mtu kule kwenye kona naona anatikisa kichwa, anataka kusema basi kila mtu afanye peke yake. Sawa, twende huko.

Israeli ilijaribu, na ilikuwa ikisaidiwa hela na Marekani. Ndege inaitwa Lavi. Iliruka mwisho wa 1986, marubani waliipenda. Agosti 1987 baraza la mawaziri likapiga kura kama iendelee au ife. Kura 12 kwa 11, ikafa. Kura moja, ndege nzima na wahandisi wake wote kwisha. Walioona bili walisema jeshi zima litakosa hela ya vitu vingine, na walikuwa na hoja.

Ufaransa ilifanya peke yake na ikafika. Rafale ni ndege nzuri, inatua kwenye meli kama walivyotaka, injini ni yao, rada ni yao, hakuna wa kumuomba ruhusa. Lakini walisubiri mteja wa nje kwa miaka na miaka, walishindwa zabuni moja baada ya nyingine, mpaka Februari 2015 Misri ilipochukua 24. Mpaka hapo walipa kodi wa Ufaransa walikuwa wanaibeba wenyewe mgongoni. Baada ya hapo mambo yakafunguka, Qatar, India, Ugiriki, halafu Falme za Kiarabu zikachukua 80 kwa mpigo Desemba 2021. Leo kila mtu anasema Wafaransa walikuwa na akili. Mwaka 2010 nani alikuwa anasema hivyo?

Kwa hiyo sisemi peke yako ni rahisi. Nasema peke yako ni ghali lakini unajua unalipia nini. Unalipia funguo, yaani haki ya kuamua mwenyewe.

Na hapo ndo tufike kwenye funguo, maana hili mwenzangu aliyetangulia hakuligusa kabisa.

Uturuki. Iliingia kwenye mradi wa F-35, ndege ya kivita ya Marekani na washirika wake, mwaka 2002 kama mshirika kamili, sio mteja wa dukani. Ilipanga kuchukua ndege 100. Viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza sehemu zaidi ya 900 za ndege hiyo, pamoja na kiwiliwili cha katikati. Marubani wake walikuwa Marekani wanajifunza. Halafu ikanunua mfumo wa makombora wa S-400 kutoka Urusi, Marekani ikasema rada ya Mrusi na ndege yetu haviwezi kukaa uwanja mmoja, na Julai 2019 Uturuki ikatolewa. Marubani wakarudishwa nyumbani, ndege ambazo tayari zilikuwa na rangi za Uturuki zikabaki Marekani. Hela iliyolipwa, Uturuki inasema dola bilioni 1.4.

Unaweza kusema walijitakia, na mimi pia nina maoni yangu kuhusu ule ununuzi wa S-400. Lakini hebu ondoa siasa uangalie mkataba. Mshirika wa miaka 17 katolewa, na ndege zake kabaki nazo mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii hata haikuazimwa, ililipiwa.

Haya, geuza upande wa pili sasa. Kule Typhoon hakuna bwana mkubwa mmoja, wako wanne sawa sawa. Je, hapo funguo ziko salama? Saudia ilishanunua Typhoon kupitia Uingereza, ikataka nyingine 48. Uingereza inataka kuuza, kiwanda cha Warton kinazitaka oda hizo kwa udi na uvumba. Mwaka 2018 baada ya mauaji ya mwandishi wa habari wa Saudia, Jamal Khashoggi, Ujerumani ikafunga mauzo ya silaha kwa Saudia, na kwa kuwa Ujerumani inatengeneza katikati ya ndege, Uingereza ikabaki mikono mitupu. Hali ikawa hiyo mpaka Januari 2024 Ujerumani ilipolegeza. Uturuki hiyo hiyo iliyofukuzwa F-35 ikataka Typhoon, Ujerumani ikakaza tena, ikaja kuachia 2025, na Oktoba mwaka huo Uingereza na Uturuki wakasaini mkataba wa ndege 20 kwa pauni bilioni 8.

Mnaona? Ukiwa na mshirika mmoja mkubwa, funguo anazo yeye. Mkiwa wanne sawa, funguo mnazo wote, na mlango haufunguki mpaka wote wanne mjitokeze. Mjerumani alikuwa na haki ya kusema hapana kwa Saudia? Kwa maoni yangu alikuwa nayo, sehemu za ndege ni zake na dhamiri ni yake. Lakini mfanyakazi wa Warton hakupiga kura Ujerumani. Hilo linatakiwa kusemwa siku ya kusaini na sio miaka 20 baadaye.

Sasa bei. Mnisamehe nimeichelewesha, ila nilifanya makusudi, maana kila mtu huanza na bei na ndo anapodanganywa.

Nenda kamuulize yeyote anayeipigia debe F-35, atakwambia ile ya A, ya kutua kwenye uwanja wa kawaida, ilishuka mpaka dola milioni 77.9 kwenye awamu ya 14 ya uzalishaji. Na ni kweli! Hapo wingi umefanya kazi yake, ndege zaidi ya 1,000 zimeshatoka kiwandani, mashine zimekolea, mafundi wamezoea, bei ikashuka. Hii ni hoja ya haki ya upande wa kununua pamoja, sitaki kuificha.

Lakini ndege ya kivita hainunuliwi siku moja. Inanunuliwa kila asubuhi kwa miaka 40. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilitoa ripoti Aprili 2024, gharama ya kuzitunza F-35 za Marekani pekee kwa maisha yake yote imekadiriwa dola trilioni 1.58, kutoka trilioni 1.1 ya mwaka 2018. Na imepanda huku wakipanga kuzirusha saa chache zaidi. Jeshi la anga lililenga kila ndege itumie dola milioni 4.1 kwa mwaka, mwaka 2023 ilikuwa kama milioni 6.6. Na mwezi wa tatu mwaka huo huo, ukichukua ndege zote za Marekani, ni kama asilimia 55 tu zilizokuwa tayari kwa kazi. Zingine zinasubiri spea, zingine zinasubiri karakana.

Kwa nini? Sababu moja inarudi kule kule kwenye kubuni pamoja. Walitaka ndege moja iwatosheleze watatu, anayetua uwanjani, anayetua wima kama helikopta, na anayetua kwenye meli. Ahadi ilikuwa sehemu nyingi sana zifanane ili spea ziwe rahisi. Mwaka 2016 mkuu wa mradi mwenyewe akasema kufanana kwenyewe ni asilimia 20 hadi 25. Kimsingi ni ndege tatu zenye jina moja. Na huo ni mvutano ndani ya nchi MOJA, hujamleta bado Mwitaliano.

Hadithi ya Kanada ndo inaniuma zaidi. Kanada ilikuwa mshirika tangu awali kabisa, 1997. Mwaka 2010 serikali ikatangaza ndege 65 kwa dola bilioni 9 za Kanada. Aprili 2012 Mkaguzi Mkuu akaja juu, bunge halikuambiwa gharama kamili. Mwisho wa mwaka huo kampuni ya KPMG ikahesabu upya, miaka 42 kutoka kubuni mpaka kutupa, ikapata bilioni 45.8. Ndege ni zile zile 65! Hakuna aliyeiba hapo, tofauti ni umehesabu nini na kwa miaka mingapi. Wananchi wakahisi wamedanganywa, mradi ukasimamishwa, serikali ikabadilika, waziri mkuu mpya akaahidi hatainunua kabisa, wakati wa kusubiri ikabidi wanunue F/A-18 zilizotumika kutoka Australia, na Januari 2023 wakarudi pale pale wakatangaza F-35, safari hii 88 kwa bilioni 19. Juni 2025 Mkaguzi Mkuu akasema imeshafika bilioni 27.7. Miezi michache kabla ya hapo waziri mkuu Mark Carney alikuwa ameshaagiza ununuzi wote uangaliwe upya, kwa sababu ya mambo ya uhusiano na Marekani.

Miaka 15 hiyo ndugu zangu, kutoka tangazo la kwanza. Ushirika uliisaidia Kanada? Kampuni zake zilipata kazi za kutengeneza sehemu, hilo ndiyo. Marubani wake walipata ndege? Waliendelea kurusha zile za miaka ya 1980.

Uholanzi walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu. Walipanga ndege 85. Bei zikapanda. Mwaka 2013 wakasema bajeti ni yuro bilioni 4.5, hatuongezi, ndege zitakazotosha humo ndo hizo hizo. Zikatosha 37. Inauma, chini ya nusu. Lakini walisema ukweli mapema, na baadaye hali ya Ulaya ilipobadilika na bei ikashuka wakaongeza kidogo kidogo mpaka 58.

Na Uswisi, kwa ufupi tu maana naona muda. Walipiga kura ya maoni Septemba 2020, kitita cha faranga bilioni 6, ikapita kwa asilimia 50.1. Wakachagua F-35 ndege 36, wananchi wakaambiwa bei haibadiliki. Mwaka 2025 Marekani ikasema hapana, mlituelewa vibaya, na nyongeza inaweza kuwa mamia ya mamilioni au hata kupita bilioni. Wao hawakuwa washirika hata, walikuwa wateja. Kama umewaambia watu bei haibadiliki na umeshinda kwa asilimia 50.1, utarudi kwao na uso gani?

Sasa nimesema sana ya hasara, nirudi kwenye faida moja ambayo naiona kubwa kuliko zote, na cha ajabu haimo kwenye jedwali la bei la mtu yeyote.

Tornado. Ndege ya Uingereza, Ujerumani Magharibi na Italia, iliruka kwanza 1974, na ilikuwa na matatizo yake ya hela kama zingine. Lakini mwaka 1981 walifungua shule moja ya marubani pale Cottesmore Uingereza, Mjerumani anamfundisha Mwitaliano, Mwingereza anakaa kiti cha nyuma cha ndege ya Mjerumani. Iliendelea mpaka 1999. Watu ambao baba zao walipigana wao kwa wao sasa wanarekebisha injini moja. Hiyo unaiandikia bei gani?

Na ndo maana Machi 2023 wakuu wa majeshi ya anga ya Norwei, Denmark, Uswidi na Finland walisaini nia ya kuendesha ndege zao kama jeshi moja, karibu ndege 250. Angalieni vizuri, wote wanne hawarushi ndege ya aina moja! Uswidi ina Gripen yake. Ubelgiji na Uholanzi tangu 2017 wanapokezana kulinda anga ya kwao wote pamoja na Luxembourg, mmoja akiwa zamu mwingine anapumzika. Nchi za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, hazina ndege za kivita kabisa, tangu 2004 wenzao wa NATO wanapokezana kwenda kuwalindia. Hizi nafuu zimekuja bila mtu kukaa Turin kubishania bawa. Zimekuja kwa kukubaliana ZAMU, na kukubaliana nani anatoa amri ya kufyatua, ambalo ndo gumu kuliko injini yoyote.

Ndo maana ndege za mizigo wamezimiliki pamoja kabisa bila matatizo makubwa, nchi 12 zina C-17 tatu kule Pápa Hungaria na kila nchi ina saa zake. Ya mizigo inabeba magunia. Ya kivita inaua, na hakuna waziri mkuu anayetaka kuamka akaambiwa ndege ya robo yake imeua mtu usiku.

Namalizia na yanayoendelea, maana mdahalo huu sio wa historia. Kuna miradi miwili mikubwa ya kubuni pamoja ndege mpya ya kivita. Mmoja ni wa Ufaransa, Ujerumani na Hispania, ulitangazwa na Macron wa Ufaransa na Merkel wa Ujerumani Julai 2017. Mwaka 2025 Dassault, kampuni ya Ufaransa, na Airbus, iliyosimama upande wa Ujerumani na Hispania, walikuwa bado wanavutana nani aongoze. Mnakumbuka 1985? Mfaransa yule yule, hoja ile ile.

Wa pili ni wa Uingereza, Italia na Japani, ulianza Desemba 2022, wanataka ndege iwe kazini 2035. Kampuni yao ya pamoja wamegawana theluthi theluthi sawa. Huo siujui utaishaje, na kugawana sawa kunanitia wasiwasi kwa sababu nilizokwisha sema. Lakini kuna kitu kimoja walifanya ambacho Typhoon hawakukifanya. Machi 2024 Japani, nchi ambayo kwa miaka mingi ilikataza kabisa kuuza silaha nzito nje, ilibadilisha kanuni zake ili ndege hiyo iweze kuuzwa kwa nchi nyingine, na ikaweka masharti ni nchi za namna gani. Walibishana kwanza nyumbani kwao, chama tawala na mshirika wake, hadharani, kabla hata ya ndege yenyewe kuruka.

Kwa hiyo kwenye hoja ya leo mimi napiga kura ya ndiyo kwa kununua pamoja ndege ambayo ipo inaruka, ndiyo kubwa zaidi kwa kufundisha pamoja na kulinda kwa zamu, na kwa kubuni pamoja napiga hapana, mpaka nione karatasi ya funguo imesainiwa kabla ya mchoro wa bawa. Mzee wangu hapo mbele nimekuona mkono umeunyoosha tangu kwenye Uturuki, karibu, uliza.